Sukani nzito: usikimbilie pampu

Gari ikishikwa na sukani nzito, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni "pampu", na la pili ni "raki", yaani kile chombo cha chini kinachogeuza mzunguko wa sukani kuwa msukumo wa kupeleka tairi kushoto na kulia. Yote mawili ni maneno ya gharama, na hapa visiwani Zanzibar gharama hiyo ina nauli juu yake. Spea ikikosekana mjini hutafutwa Dar es Salaam, ipande boti, ishushwe bandarini Malindi, na kama gari iko Pemba basi safari bado haijaisha. Kwa hivyo kabla mkono haujaingia mfukoni, kuna suali moja la kujibu, na unalijibu kwa jeki na mikono yako mwenyewe: msaada wa sukani umepungua, au kuna kitu kinakamata?

Maana sukani ina pande mbili. Upande mmoja ni chuma: sukani yenyewe, shafti, jointi, raki, tairodi (fimbo zinazounganisha raki na tairi), boljointi (jointi za duara ambazo tairi hugeukia), mpaka tairi. Upande wa pili ni msaada, ama wa mafuta yanayosukumwa na pampu, ama wa mota ya umeme. Msaada ukiondoka, gari bado inakata kona, ila mabega yatakueleza. Chuma kikikamata, msaada hata uwe mzima hautoshi, na dereva anaanza kupigana na gari yake. Dawa ya upande mmoja haitibu upande wa pili. Pampu mpya haijawahi kulainisha jointi iliyoota kutu, na sisi tuliozungukwa na maji ya chumvi tunazo jointi za kutu za kutosha.

Upepo

Hili ni la dakika tano, na watu huliruka kwa sababu linaonekana dogo mno. Kibandiko cha upepo kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Gari ndogo nyingi za Kijapani huandikwa kati ya 30 na 35 psi (kipimo cha presha ya upepo) kwa tairi za mbele, na hupimwa tairi zikiwa baridi, yaani kabla ya safari, sio baada ya kutoka Nungwi kwenye jua la saa nane. Tairi iliyoshuka mpaka 20 imelala barabarani, na kila kona inakuwa ya kubishana.

Gari za kukodisha zina kisa chao hapa. Mgeni amezama mchangani kule Jambiani, vijana wamempunguzia upepo ili atoke, ametoka, amewashukuru, amerudi mjini na upepo ule ule. Asubuhi mwenye gari analetewa malalamiko ya sukani. Tizama na upana wa tairi pia: Escudo iliyovishwa tairi pana kuliko za kiwandani ili ipendeze haitakuwa nyepesi hata ukiitilia raki ya dhahabu.

Jeki

Upepo ukiwa sawa na uzito upo pale pale, egesha pahala palipo tambarare na pagumu. Tia kabari tairi za nyuma, nyanyua mbele mpaka tairi zote mbili ziache ardhi, halafu ikalishe gari juu ya stendi za chuma au magogo ya mti mgumu. Jiwe la matumbawe na tofali la saruji waachie waashi. Yanabeba uzito vizuri tu, mpaka yanapopasuka bila kutoa taarifa, na wewe uko chini.

Zima injini, lakini iache funguo kwenye swichi ili sukani isijifunge. Sasa izungushe pole pole kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Tairi ziko hewani, kwa hivyo kinachokupinga ni chuma chenyewe, na kwa gari ya mafuta, yale mafuta kidogo yanayosukumwa ndani ya raki. Inatakiwa iende bila kukunja uso, na uzito uwe mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Ikienda hivyo, chuma ni kizima na shida yako ni msaada. Ikiwa bado inakaza, au ina mahali inakaza na mahali inalegea, kuna kinachokamata.

Jaribio hili linaamua zaidi ya nusu ya kazi. Fundi anayekutajia spea kabla ya kuinyanyua gari anabahatisha, hata kama ana miaka mingi kwenye kazi.

Inakaza, inalegea, inakaza

Hii ndiyo dalili inayoumiza watu pesa kuliko zote, kwa sababu barabarani inafanana kabisa na ubovu wa raki. Ukikata kona unahisi sukani inabana, inaachia, inabana tena. Ukiizungusha gari ikiwa kwenye jeki, utakuta inabana mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa sukani, mahali pale pale kila mara. Hapo mshuku mtu mmoja: jointi ya msalaba kwenye shafti inayoshuka kutoka miguuni mwa dereva kwenda kwenye raki.

Jointi hiyo ina vikombe vidogo vya beringi, vimefungwa na grisi yake ya kiwandani. Ile ya chini, iliyo nje ya kabini, hupigwa na kila kinachorushwa na tairi: maji ya madimbwi ya Mwanakwerekwe wakati wa masika, mchanga wa pwani, vumbi la chokaa la barabara za ndani. Grisi ikishatoka na chumvi ikaingia, mkono mmoja wa msalaba unaganda. Inama na tochi. Jointi mbovu mara nyingi hujitangaza kwa unga wa rangi ya matofali unaochungulia pembeni mwa vikombe. Mwambie mtu azungushe sukani huku wewe ukiitizama kwa karibu: jointi nzima inajikunja laini pande zote, mbovu inasita, halafu inaruka kwa ghafla. Ukiweka kidole juu ya shafti, bila ya kukitia kwenye jointi, unausikia mruko huo.

Mafuta ya kulegezea kutu yataifanya iwe nyepesi kwa siku chache. Yatumie kama ushahidi tu: ukipulizia na sukani ikalainika, umeshampata mwizi. Matengenezo ni kuibadilisha shafti au jointi yenyewe. Kabla ya kufungua, nyoosha tairi, funga sukani isizunguke, na piga alama ya rangi mahali shafti inapoingia kwenye raki. Gari yenye mfuko wa hewa ndani ya sukani ina utepe wa waya uliojiviringisha nyuma yake, na sukani ikizungushwa ovyo shafti ikiwa imechomolewa, utepe huo unakatika. Hapo umeshaongeza kazi ya pili juu ya ya kwanza.

Kabla hujalaumu jointi, lakini, inua kapeti la miguuni. Kapeti nene lililokunjwa vibaya hukamata shafti ya juu, na nimeshaona gari ikifunguliwa nusu yake kwa sababu ya kapeti.

Sukani hairudi yenyewe

Ukitoka kwenye kona na ukalegeza mikono, sukani inatakiwa ijirudishe. Ikibaki imekata mpaka uirudishe wewe, na gari ikawa inatangatanga barabarani, nenda kwenye tairi zenyewe. Chomoa vichwa vya tairodi, kisha kamata tairi kwa mikono na uipeleke kushoto na kulia, moja moja. Iliyo nzito inaonekana papo hapo ukiilinganisha na mwenzake. Ikiwa tairi zote mbili ni nyepesi na sukani bado nzito, ndipo rudi kwenye shafti au raki.

Tairi ikiwa nzito, ni mambo mawili. La kwanza ni boljointi iliyokauka. Mpira wake umepasuka, grisi imekwenda, mchanga umeingia. Mara nyingi hulia kama mlango usiotiwa mafuta. La pili ni beringi iliyo juu ya shokapu, pale shokapu inapoingia kwenye bodi chini ya boneti. Weka kiganja kwenye springi huku mwenzio akizungusha sukani. Beringi ikiwa nzima, springi inazunguka taratibu pamoja na tairi. Ikiwa imeganda, springi inajisokota kidogo kidogo, inakusanya nguvu, halafu inaachia kwa kishindo ambacho kiganja kinakipata kabla ya sikio. Beringi hiyo si ghali, ila kuibadilisha ni lazima springi ibanwe kwa kifaa chake. Asikudanganye mtu kwamba waya au kamba inatosha. Springi iliyobanwa vibaya ikichomoka inavunja mfupa.

Ikiwa kila kitu kinazunguka laini na bado hairudi, au inavuta upande mmoja, tafuta pa kupimia alaimenti, yaani pembe ambazo tairi zimekaa. Shimo moja zito au jiwe la barabara ya shamba linatosha kupinda mkono wa chini, ule wa chuma unaoishika tairi kutoka kwenye fremu, na mkono ukipinda, tairi inakaa kwa pembe ambayo sukani haiwezi kujirudisha.

Daladala na gari za mzigo

Haya hayahusu gari ndogo, kwa hivyo kwa ufupi. Gari zenye ekseli moja nzima mbele hutumia kingipini, pini nene ambayo tairi hugeukia, na kingipini ina niplo za kutiliwa grisi kwa bomba. Watu wanazisahau. Daladala ya mbao inayopakia abiria na vikapu vya samaki, au gari inayotoka Konde na magunia ya karafuu kupeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inakandamiza kingipini mchana kutwa. Tia grisi ekseli ikiwa imenyanyuliwa, tairi zikining'inia, ili grisi ipenye mpaka kwenye beringi ya chini inayobeba uzito. Ukiitia gari ikiwa imekaa chini, grisi inatokea pembeni na pale inapohitajika haifiki. Endelea kusukuma mpaka uchafu wa zamani utoke na grisi safi ifuate.

Gari ya mafuta au gari ya umeme?

Tuseme jeki imesema chuma ni kizima. Sasa unahitaji kujua gari yako inasaidiwa na nini. Fungua boneti. Ukiona kikopo chenye kifuniko kilichochorwa sukani, au kimeandikwa "power steering", ni ya mafuta. Usipokiona, na ukiwasha swichi inawaka kwa muda mfupi taa ya EPS au P/S (vifupisho vya msaada wa sukani), au picha ya sukani yenye alama ya mshangao, ni ya umeme. Msaada wa mafuta ulianza kuuzwa kwenye Chrysler Imperial ya mwaka 1951, wa umeme ukaja na Suzuki Cervo mwaka 1988, na leo yote miwili utaikuta imeegeshwa pamoja pale Darajani: Noah za zamani za mafuta, IST na Passo za umeme.

Msaada wa mafuta

Anza na kikopo. Kina alama za baridi na moto: mafuta yakiwa baridi yafike kwenye ya baridi, yakiwa na moto yafike kwenye ya moto. Yakiwa chini, yamekwenda mahali, kwa sababu mafuta haya hayaliwi na injini. Kuongeza tu bila kutafuta yanakotokea ni kujipa likizo ya wiki mbili.

Yatizame rangi. Toyota nyingi za mfumo huu hutumia mafuta ya gia ya otomatiki aina ya Dexron II au III, ambayo yakiwa mapya ni mekundu. Yakiwa kahawia iliyokolea na yananuka kuungua, yamechoka. Yakiwa na povu, pampu inavuta hewa. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Honda ina mafuta yake na haipendi ya mwenzake, kwa hivyo soma kifuniko. Na mafuta ya breki usiyatie humo hata kwa dharura ya kufika nyumbani. Yanavimbisha na kuharibu sili za mpira, na hapo ndipo maneno "pampu" na "raki" yanakuwa ya kweli.

Yanavuja wapi? Pitisha mkono kwenye mpira wa presha na viungo vyake, chini ya pampu, halafu inama uiendee raki. Huku na huku ina mipira iliyokunjwa kama kinanda. Ubane kwa vidole. Ukiwa mkavu, vizuri. Ukitema mafuta, sili za ndani ya raki zimekwenda, na hiyo ni kazi kubwa. Ukiwa umechanika lakini mkavu, badilisha mpira peke yake haraka kabla mchanga na maji havijaingia na kulifanya tatizo dogo kuwa kubwa.

Sasa sikiliza. Ikipiga ukelele mkali unapokata mpaka mwisho, au unapowasha tu asubuhi, mkanda unateleza: umelegea, umekauka na kung'aa, au umelowa mafuta. Zima injini, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Mkanda wa kukazwa kwa mkono ukizama zaidi ya sentimita moja hivi, ukaze. Uliopasuka au kung'aa uutupe. Ikiwa sauti ni ya kunguruma inayopanda pamoja na resi, mafuta ni machache au pampu inanyonya hewa. Hewa hupita hata pale mafuta hayatoki: mpira wa kuingizia mafuta uliokauka, au oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya kwenye mdomo wa pampu iliyokakamaa. Oringi ni kitu cha pesa ndogo kabisa, na pampu ngapi zimetupwa kwa ajili yake mimi sitaki hata kufikiria. Baadhi ya vikopo vina chujio chini. Likiziba, pampu inakosa mafuta ya kunyonya na inalia vile vile.

Dalili nyingine ya kuzingatia: sukani nzito gari ikiwa imesimama na injini inanguruma taratibu, lakini ukikanyaga mafuta kidogo inalainika. Mkanda ukiwa mzima na mafuta yapo, hapo ndipo pampu inastahiki kushukiwa, kwa sababu imechakaa na inatoa presha kwa kukimbizwa tu. Ikiwa gari inazimika kila unapokata sukani ukipaki, shida huenda ni swichi ya presha iliyo kwenye pampu au mrija, au waya wake. Ndiyo inayoipa injini habari kwamba inaongezewa mzigo, ili ipandishe resi kidogo. Na ikiwa nzito kulia lakini nyepesi kushoto, wakati kwenye jeki ilikuwa sawa pande zote, mlango wa mafuta ndani ya raki umekwama au umeliwa, na hakuna mkanda wala oringi itakayosaidia.

Kubadilisha mafuta ni kazi ya watu wawili. Chomoa mpira wa kurudishia kwenye kikopo, ziba tundu, elekeza mpira kwenye chupa. Tairi zikiwa hewani na injini imezimwa, mmoja anazungusha sukani mwisho hadi mwisho, mwengine anatia mafuta mapya mpaka yanayotoka yawe mekundu. Rudisha mpira, jaza, endelea kuzungusha injini ikiwa bado imezimwa mpaka mapovu yakome kupanda. Ndipo uwashe. Ukianza kwa kuwasha, pampu inayachapa mafuta na hewa pamoja na unapata povu jekundu litakalokaa mpaka jioni. Na ukishawasha, usiishikilie sukani mwisho kwa zaidi ya sekunde chache. Pale presha yote inakosa pa kwenda na pampu inajipika.

Msaada wa umeme

Huku hakuna mafuta wala mkanda wake peke yake. Kuna mota, kwenye gari ndogo nyingi iko ndani ya kabini juu ya miguu ya dereva, kuna sensa inayopima mkono wako unavuta kwa nguvu gani, na kuna kompyuta inayoamua. Mota hii inakunywa makumi ya ampea kwa wakati mmoja unapopaki. Umeme ukiyumba, kompyuta inajitoa na kuwasha taa. Kwa hivyo jambo la kwanza ni umeme, sio mota.

Chukua mita. Betri ikiwa imepumzika, 12.4 hadi 12.7 volti. Injini ikiwaka, 13.5 hadi 14.5. Washa taa kubwa na kiyoyozi, halafu zungusha sukani gari ikiwa imesimama. Ikiporomoka kuelekea 12 na chini yake, shughulikia betri, alteneta au mkanda wa alteneta, na sukani itajirudisha yenyewe. Ikiwa umeme ni mzuri kwenye betri, usiridhike bado.

Mwalimu mmoja wa skuli kule Bububu alikuja na gari ndogo ya sukani ya umeme.

"Fundi, jana ilinishinda kuikata pale kwenye mzunguko, na taa imewaka. Leo nyepesi, taa hamna. Nishaambiwa ninunue mota."

"Jana mvua ilinyesha huko kwenu, mwalimu?"

"Ilinyesha. Ina nini na sukani?"

Betri ilikuwa nzuri, alteneta nzuri. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na ya pili kwenye bodi ya gari, nikamwambia azungushe sukani. Kipimo hicho kinatakiwa kisizidi 0.2 volti hivi. Kilipanda kupita volti moja. Maana yake umeme unashindwa kurudi kwenye betri, unakwama njiani. Waya wa athi, ule mweusi unaotoka hasi kwenda kwenye bodi, kwa juu ulionekana mzima, umefungwa bolti lake na rangi juu yake. Bolti lilipofunguliwa, chini yake palikuwa na unga wa kijani, na nyuzi za shaba zilizobaki zinakatika kwa kucha. Siku ya jua zilikuwa zinapitisha umeme wa kutosha. Siku ya mvua hazikuwa. Kichwa kipya cha waya, msasa kwenye bodi mpaka chuma cheupe kionekane, bolti kukazwa, grisi juu yake ili chumvi isirudi. Mota ya mwalimu ni ile ile mpaka leo.

Kwa gari zinazolala karibu na pwani, hili ndilo ningeliangalia la kwanza kila mara, pamoja na soketi za waya na fyuzi kubwa ya sukani. Fyuzi hiyo kwenye gari nyingi ni ya ampea 50 au 60, na miguu yake nayo huota ule unga wa kijani.

Kama taa inabaki inawaka, soma kodi, yaani namba za hitilafu zinazowekwa na kompyuta ya gari. Vifaa vya bei rahisi vinasoma kodi za injini tu, zile zinazoanza na P; za sukani huanza na C, na zinataka kifaa kinachofika huko. Kwenye Toyota nyingi, C1511 hadi C1514 zinaelekeza kwenye sensa ya nguvu ya mkono, C1515 inasema sufuri ya sensa haijawekwa, na C1551 au C1552 zinarudi kwenye umeme unaoingia. Ukiona mbili hizi za mwisho, rudi kwenye mita na waya kabla ya kumsikiliza anayekuuzia sukani nzima ya kutoka kwenye gari iliyokatwa. C1515 mara nyingi inakuja baada ya sukani kufunguliwa au kubadilishwa, na inatibiwa kwa kuweka sufuri upya, tairi zikiwa zimenyooka na mikono haigusi sukani.

Halafu kuna uzito usio ubovu. Ukikaa unazungusha sukani mwisho hadi mwisho bila gari kusogea, kwa mfano unajaribu kujibanza kwenye upenyo wa Malindi, mota inapata moto na kompyuta inapunguza msaada ili isiungue. Iache ipoe kama dakika kumi itarudi. Jizoeshe kuisogeza gari kidogo unapokata; ni rahisi kwa mota, kwa tairi na kwa mikono.

Imekuwa nzito ghafla ukiwa safarini

Shika kwa mikono miwili, usizime injini, punguza mwendo. Gari bado inakata, ila inataka nguvu zaidi. Kisha tizama dashibodi. Ikiwa taa ya betri imewaka pamoja na injini bado inawaka, mara nyingi mkanda umekatika. Kwenye IST, mkanda huo huo mmoja unazungusha alteneta na pampu ya maji, kwa hivyo ukikatika betri inakufa, sukani inafuata, na injini inachemka. Usijipe moyo wa kufika Chwaka. Simama pembeni, zima, piga simu. Ikiwa ni gari ya mafuta na unaona moshi au harufu ya kuungua chini ya boneti, mpira wa presha umepasuka na mafuta yanamwagikia kwenye injini ya moto. Hapo pia ni kusimama na kuzima mara moja.

Ikiwa, kinyume chake, gari imeegeshwa, sukani haisogei hata kidogo na funguo haigeuki, hiyo ni kufuli ya sukani tu. Isukume sukani kushoto na kulia huku ukigeuza funguo.

Ikithibitika ni raki

Mara nyingine ni raki kweli, na raki iliyotumika ndiyo wengi wanayoimudu. Ukiwa dukani, ikamate mahali shafti inapoingia na uizungushe kwa mkono, mwisho hadi mwisho. Isiwe na mahali inapokwaruza wala inapopiga. Bana ile mipira ya pembeni, iwe mikavu. Tikisa ncha zake. Zikicheza, utazibadilisha hivi karibuni. Kubwa kuliko yote, hakikisha imetoka gari ya sukani ya kulia. Mizigo inayotoka Dubai huchanganyika na ya gari za sukani ya kushoto, na raki hizo zikiwa mezani zinafanana kabisa, mpaka siku ya kuifunga unapokuta shimo la shafti liko upande wa abiria. Linganisha na ya zamani kabla ya kulipa, na kama unaagizia kutoka Pemba, piga picha ya raki yako pande zote mbili uitume kwanza.

Wakati wa kufunga, ihesabu mizunguko yake kutoka mwisho hadi mwisho, iweke katikati kabisa, ndipo uunganishe shafti sukani ikiwa imenyooka. Vichwa vya tairodi virudishwe kwa idadi ile ile ya mizunguko vilivyotokea. Hata hivyo gari isipande barabara ya mbali mpaka imepimwa alaimenti, maana raki mpya na tairi zilizopinda huzimaliza tairi mbili za mbele kabla ya mwezi.